Muda wa Kijapani na majani chai ya Kericho

Leo naomba tuweke kando mambo ya simu na intaneti, tuzungumze juu ya majengo. Najua wengine mtauliza: mwandishi wa programu anatafuta nini kwenye saruji na kokoto? Subirini kidogo. Historia ninayotaka kusimulia ni historia ya kompyuta pia, na kuna mahali inafanana sana na kazi yetu ya kuandika programu. Tena inawagusa wakulima wa majani chai wa Kericho na Bomet, kwa sababu wao ndio wanaolipia majengo.

Tuanze na mahali penyewe. Ukitoka Nakuru ukielekea Kisumu, baada ya kupanda na kushuka vilima unakutana na kijani kisichoisha. Kampuni za Waingereza, Brooke Bond na James Finlay, zilianza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis na ukoo wa Talai walinyang'anywa wakati wa ukoloni. Mkulima mdogo Mwafrika aliingia kwenye zao hili baadaye sana. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipanua nafasi ya Waafrika kulima mazao ya biashara, mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 mamlaka hiyo ikageuka kuwa KTDA. Mwaka 2000 serikali ikajitoa, na wakulima wakawa wenye hisa wa viwanda vyao. Litein, Momul na Kapkatet upande wa Kericho, Mogogosiek, Kapset na Kapkoros upande wa Bomet: haya si majina ya kampuni za mbali, ni mali ya watu wanaoamka alfajiri kuchuma majani mawili na kichipukizi.

Sasa fuata hesabu hii. Kiwanda kikitaka kuongeza jengo, kampuni ya wakulima hutoa fedha zake au hukopa, na mkopo hulipwa na chai itakayouzwa. Mkulima hupewa malipo ya kila mwezi kwa kilo alizopeleka, halafu mwisho wa mwaka wa fedha, baada ya gharama zote kuondolewa, kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Hiyo ndiyo bonasi. Kwa hiyo nguzo ikimwagwa mahali pasipofaa kisha ikabomolewa, anayelipa si mkandarasi peke yake. Katika miaka ya karibuni wakulima wa huku wamelalamika sana kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, bei ya mnadani Mombasa ikiwa ya kwanza. Lakini palipo na bonasi ndogo, kila shilingi inayofujwa kwenye ujenzi inauma zaidi.

Haya, twende Japani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Toyota ilikuwa na shida ya fedha na soko dogo. Haikuweza kufanya kama Wamarekani, kutengeneza magari kwa maelfu na kuyaweka yadini yakisubiri wateja. Mhandisi wake Taiichi Ohno akajenga utaratibu mwingine: usitengeneze kitu mpaka anayekihitaji mbele yako amekiita. Kila hatua huivuta hatua iliyo nyuma yake. Na kila kisichomletea mteja faida ni ufujaji. Ohno alitaja aina saba za ufujaji: kutengeneza kupita kiasi, kusubiri, kusafirisha bila sababu, kusindika kupita inavyotakiwa, kurundika akiba, kuhangaika huku na huko, na kutoa bidhaa mbovu.

Unajua Wajapani wanauitaje ufujaji? Wanauita "muda". Ndiyo, m-u-d-a! Ni sadfa tupu, neno letu tumelitoa kwenye Kiarabu na lao ni la kwao. Lakini sisi Waswahili tumepewa msaada wa bure wa kukumbuka somo lenyewe, maana kwenye ujenzi ufujaji mkubwa kuliko wote ni muda: fundi amekaa juu ya tofali anasubiri mchanga, mchanga umefika lakini mbao hazipo, mbao zimekuja lakini mvua imeanza.

Mwaka 1988 Mmarekani John Krafcik aliupa utaratibu wa Toyota jina la Kiingereza, "lean", neno linalotumika pia kwa nyama isiyo na mafuta. Kitabu cha Womack, Jones na Roos cha mwaka 1990 kikalisambaza duniani kote. Mimi hapa nitauita utaratibu bila ufujaji.

Mtu wa Kericho akisikia habari hizi hashangai sana. Jani la chai likishachumwa linaanza kubadilika hapo hapo. Ukilijaza kwenye gunia na kulisahau, linapata joto na kuwa jekundu, na chai yake haina bei. Kwa hiyo mkulima huchuma asubuhi, hupeleka kituo cha kununulia, lori hupita na kukusanya, na jani hufika kiwandani siku ile ile. Pale hutandazwa kwenye vitanda virefu vinavyopulizwa hewa ili linyauke, kazi ya saa kama 12 hadi 18, kisha husagwa, huachwa libadilike rangi, hukaushwa na kuchambuliwa. Huwezi kurundika katikati. Mashine ya kusaga ikisimama, vitanda vinajaa. Vitanda vikijaa, lori linasubiri getini na majani yanaharibika humo ndani. Kiwanda cha chai ni mtiririko, kila mtu ndani yake anajua hivyo hata kama hajawahi kumsikia Ohno.

Swali ni hili: kwa nini jengo la kiwanda hicho hicho lisijengwe kwa mtiririko? Swali hilo, kwa majengo yote duniani, liliulizwa kwa uzito mwaka 1992. Mtafiti wa Kifini Lauri Koskela alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akaandika ripoti juu ya kutumia fikra mpya za uzalishaji viwandani kwenye ujenzi. Hoja yake ilikuwa kwamba wahandisi wanauona ujenzi kama orodha ya kazi tu: chimba, mwaga, jenga, ezeka. Hawaoni kilicho katikati ya kazi hizo, yaani kusubiri, kusogeza, kukagua na kurudia. Kumbe fedha nyingi zinaishia hapo katikati. Mwaka uliofuata watafiti wachache wakakutana Espoo, Finland, na mkutano huo ukawa mwanzo wa kikundi cha kimataifa cha ujenzi bila ufujaji.

Wamarekani wawili, Glenn Ballard na Greg Howell, wakalileta wazo hilo chini, kwenye vumbi. Walipima jambo dogo: katika kazi zilizopangwa kufanyika wiki hii, ngapi zimekamilika kweli? Jibu lilikuwa kama asilimia 54. Yaani karibu nusu ya mpango wa kila wiki haikutimia, tena kwa wakandarasi wa Marekani wenye kompyuta na chati za rangi! Dawa yao waliiita mpangaji wa mwisho. Mpangaji wa mwisho ni msimamizi aliye karibu zaidi na kazi: kiongozi wa waashi, wa maseremala, wa mafundi umeme. Badala ya kuletewa ratiba kutoka ofisini, wasimamizi hawa hukaa pamoja kila wiki. Kila mmoja anasema ni kazi gani ataimaliza, lakini haruhusiwi kuahidi kazi ambayo vifaa vyake havijafika, michoro yake haijakamilika au aliyemtangulia hajaondoka. Wiki ikiisha zinahesabiwa ahadi zilizotimia, na kila ambayo haikutimia huandikwa sababu yake. Kulaumu hakusaidii, kinachotafutwa ni sababu. Mwaka 1997 Ballard na Howell wakaanzisha taasisi ya kueneza mafunzo haya.

Ndugu zangu waandishi wa programu mmeshaanza kucheka. Kikao cha kila wiki, ahadi ndogo ndogo, kuangalia nyuma kujua kilichokwamisha... si ndiyo yetu hii? Ndiyo. Mizizi ni ile ile ya Toyota. Mary na Tom Poppendieck waliileta kwenye programu kwa kitabu chao cha mwaka 2003.

Huo ni mto wa kwanza. Mto wa pili ni wa kompyuta.

Mwaka 1975 Chuck Eastman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alieleza mfumo wake wa kuhifadhi jengo zima ndani ya kompyuta. Angalia tofauti: alihifadhi jengo, wala si mchoro wa jengo. Mchoro wa kawaida ni mistari tu. Kompyuta haijui kama mstari ule ni ukuta au bomba. Kwa Eastman ukuta ulikuwa ukuta, una urefu, unene na vifaa vyake, na mlango ulijua uko kwenye ukuta gani. Ukibadilisha kitu mara moja, michoro yote inayotoka humo inabadilika yenyewe, na hesabu ya vifaa pia. Kwa lugha yetu tungesema ni hifadhidata, na michoro ni ripoti zinazochapishwa kutoka humo.

Wazo lilitangulia mashine. Kompyuta za wakati ule zilikuwa ghali na nzito. Miaka ya 1980 kampuni ya Hungary, Graphisoft, ikatoa ArchiCAD kwa kompyuta ndogo za Macintosh. Mwaka 1992 Waholanzi van Nederveen na Tolman wakaandika makala iliyotumia jina modeli ya taarifa za jengo, ambalo kifupi chake cha Kiingereza ni BIM. Revit ikatoka mwaka 2000, Autodesk ikainunua mwaka 2002, na kuanzia hapo BIM ikawa gumzo la wasanifu kila mahali.

Umeona? Mwaka 1992 Koskela anaandika ripoti yake, mwaka 1992 BIM inapata jina. Na kama unapenda sadfa, mwaka huo huo wilaya ya Bomet ilikatwa kutoka Kericho. Lakini mito hii miwili ilichukua zaidi ya miaka 10 kukutana. Wenye modeli walikuwa wasanifu ofisini, wenye mtiririko walikuwa watu wa saiti. Kila upande ulidhani tatizo ni la mwenzake.

Ili kuona kwa nini modeli ni muhimu, huna haja ya kwenda mbali. Simama mjini Kericho utazame kanisa kuu la Kikatoliki la Moyo Mtakatifu, lililokamilika mwaka 2015. Lilisanifiwa na ofisi ya John McAslan ya London, wahandisi wakiwa Arup, na lina nafasi ya watu kama 1,500. Paa lake refu la vigae vya udongo linabebwa na fremu 10 za zege, na ndani limepambwa kwa fito nyembamba za mbao. Ninalileta hapa kwa ajili ya umbo lake. Kanisa halina kimo kimoja. Linaanza dogo mlangoni, linapanda na kupanuka kadiri unavyoelekea altareni. Maana yake fremu ya mlangoni si sawa na ya altareni, na kila fito ina kipimo chake. Jengo la namna hii ukilichora kwa mkono, kubadilisha mwinuko wa paa kidogo tu ni kurudia michoro mingi sana. Kwenye modeli unabadilisha namba, na vipimo vyote vinafuata. Lakini zege lenyewe, jamani, haliji kwa kubofya. Kericho hunyesha mchana karibu mwaka mzima, tena mara nyingi mvua ya mawe, kwa sababu ya hewa ya Ziwa Viktoria kupanda milima. Anayetaka kumwaga zege lazima mbao ziwe zimesimama, nondo zimefungwa na kokoto zimefika kabla jua halijapanda. Modeli itakwambia fremu ya saba ina ukubwa gani. Haitakwambia kama seremala atakuwepo Jumanne asubuhi.

Mito ilikutana wazi wazi California katikati ya miaka ya 2000. Mfano unaotajwa sana vitabuni ni kituo cha tiba cha Camino, mjini Mountain View, kilichojengwa kati ya mwaka 2005 na 2007. Wakandarasi wa mabomba, wa umeme na wa mifereji ya hewa waliweka modeli zao pamoja wakazigonganisha ndani ya kompyuta kabla ya kugusa ukuta. Bomba likipita katikati ya mfereji, walirekebisha kwenye skrini. Sisi tunaijua kazi hiyo: ni kama watu wawili wamehariri faili moja, na mgongano unatatuliwa kabla ya toleo kutoka. Kisha, kwa kuwa waliamini vipimo, walikata na kuunganisha mabomba karakana, wakayaleta saiti siku yanayohitajika. Hapo ndipo modeli ilipogeuka kuwa mtiririko.

Mwaka 2010 Rafael Sacks, Koskela mwenyewe, Bhargav Dave na Robert Owen wakachapisha jedwali lililopanga kazi za BIM upande mmoja na kanuni za utaratibu bila ufujaji upande wa pili. Walipata mahali 56 ambapo pande hizo zinagusana, na isipokuwa 4, zote zinasaidiana. Funzo nililolichukua mimi ni hili: modeli inamaliza ugomvi wa vitu, ahadi za kila wiki zinamaliza ugomvi wa watu. Ukinunua programu ya bei kubwa ukaacha mafundi wasubiri vifaa, umepata picha nzuri ya hasara yako. Na ukifanya vikao kila wiki juu ya michoro iliyokosewa, mtaahidi na kutimiza kosa.

Sasa turudi kiwandani, tuchukue mfano wa kawaida: kuongeza ukumbi wa kunyaushia majani. Ugumu wake ni kwamba kiwanda hakifungwi. Majani yanakuja kila siku, na mvua ikinyesha vizuri yanakuja mengi zaidi. Jengo jipya linashikana na la zamani penye mashine, mikanda ya kusafirisha majani na mabomba ya mvuke kutoka kwenye boila. Hapa modeli ina faida ya wazi: pima jengo la zamani lilivyo kweli, si lilivyo kwenye ramani ya zamani, uweke na mashine zake, uone kama boriti mpya itagonga mkanda. Na ratiba ya wiki ina faida ya wazi: meneja wa uzalishaji akae kwenye kikao kile kile na wasimamizi wa ujenzi, aseme ni saa ngapi njia ya lori inaweza kuzibwa. Mtu huyo anajua mtiririko kuliko mkandarasi yeyote. Kumwacha nje ya kikao ni ufujaji wa aina ya nane ambao Ohno hakuuhesabu.

Kuna jambo zito ambalo si haki kulipita. Ukisema "kupunguza ufujaji" Kericho, watu wengi watasikia "kupunguza watu". Wana sababu. Mashine za kuchuma chai zimechukua kazi za maelfu ya mikono kwenye mashamba makubwa, na Mei 2023 waandamanaji walizichoma moto. Hivyo anayekuja na fikra hizi ajieleze mapema. Kwenye mafundisho ya Toyota, kuheshimu watu ni nguzo, si pambo. Ufujaji ni ile saa ambayo mwashi amekaa anasubiri. Mwashi mwenyewe si ufujaji. Kibarua wa siku anayesubiri mchanga hadi saa nane kisha mvua ikanyesha, mara nyingi ndiye anayeipoteza siku hiyo. Utaratibu ukifuatwa sawasawa anapata siku nyingi za kazi iliyokamilika, na sauti yake kwenye kikao kupitia msimamizi wake. Ukifuatwa vibaya unakuwa fimbo tu ya kuharakisha watu. Tofauti inaonekana haraka: angalia kama ahadi zinatoka kwa wasimamizi wa mafundi au zinashushwa kutoka juu.

Mwisho, bei. Wengi wanaogopa BIM kwa sababu ya leseni za kila mwaka. Ni kweli ni ghali. Lakini muundo wa faili unaoitwa IFC ni wazi, ni kiwango cha kimataifa cha ISO, na programu huria zinausoma. FreeCAD ni bure. Blender ni bure, na nyongeza yake ya Bonsai, ambayo hadi mwaka 2024 iliitwa BlenderBIM, inafungua na kuandika IFC moja kwa moja. Anayejua Python achukue IfcOpenShell: kwa mistari michache anaweza kuhesabu matofali na nondo zilizomo kwenye modeli, akalinganisha na ankara. Kikao cha ahadi ndicho rahisi zaidi, kinataka ukuta, karatasi na kalamu.

Na hapa ndipo ninapowatazama wakulima. Wao ni wenye hisa. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, jengo likitajwa, wana haki ya kuuliza maswali mawili ambayo hayahitaji digrii. La kwanza: je, mabomba, mashine na boriti zimewekwa kwenye modeli moja zikaonekana hazigongani? La pili: wiki iliyopita mafundi waliahidi kazi ngapi, na zilitimia ngapi? Mkandarasi akiwa na majibu, vizuri. Akikosa, mjue bonasi imeshaanza kuvuja.

Kama uko Litein, Bomet mjini au Kapkatet na umewahi kuona modeli ya kompyuta ikitumika saiti, niandikie unieleze ilikwenda vipi. Safari ijayo nitaonyesha jinsi ya kufungua faili la IFC kwa Python hatua kwa hatua. Kwaherini kwa sasa.